Kibakuli cha Saa Nne

Mama yangu alizikwa Jumamosi, na Jumatatu baba akarudi kazini kupika. Sikuona ajabu. Wiki ile sikuona ajabu kwa jambo lolote. Nilikuwa nimetoka chuoni Dar kwa treni, nikabadili Tabora, nikafika Mpanda Ijumaa na begi moja na daftari la kemia. Tangu nishuke stesheni nilikuwa nasubiri kuhisi kitu. Wanawake walilia kwa zamu. Mimi nilikoroga ugali wa waombolezaji na kuhesabu sahani.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka Kapalamsenga kando ya ziwa na kapu la migebuka mikavu, samaki wa huko. Siku nzima ya mazishi aliniangalia tu, kisha akasema mbele za watu, "Huyu mtoto huko chuoni wamemkamua machozi, wakamjaza karatasi."

Watu wakacheka kidogo, kwa namna wanavyocheka msibani. Nami nikacheka. Ilikuwa kweli, au angalau sikuwa na ushahidi wa kuikanusha.

Baba alikuwa mpishi wa Wajerumani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mtaa mzima wa Kawajense ulivyosema. Kulikuwa na nyumba moja ya matofali ya kuchoma nyuma ya kwetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, na kila mradi uliokuja Mpanda uliirithi nyumba hiyo pamoja na baba yangu. Walianza wa visima, wakafuata wa nyuki, watu waliokuwa wakienda Ugalla kufundisha watu mizinga ya mbao, na sasa walikuwa wa afya. Wakubwa walibadilika kila baada ya miaka mitatu au minne. Baba hakubadilika.

Tangu nikiwa sekondari nilikuwa nikimsumbua kwa swali moja. Babu zetu walichapwa viboko na Wajerumani, yeye anawapikia viazi. Kwa nini?

"Kwa sababu wanakula," alinijibu mara moja, na akaendelea kumenya.

Swali la pili ndilo alilolipenda. Nilimuuliza chakula cha Kijerumani hasa ni kipi, kwa kuwa kila mkubwa aliyekuja alimwambia kwamba aliyemtangulia hakujua kula. Baba aliwagawa kwa makabila yake mwenyewe. Wa Baharini walitoka kaskazini. Hao saladi ya viazi waliitaka baridi, yenye mayonezi na tango la siki, na sukuma wiki waliipika kwa muda wa saa tatu pamoja na soseji mpaka ikawa nyeusi. Mmoja wao alikunywa chai kama sala: bonge la sukari chini ya kikombe, chai juu yake, malai ya maziwa pembeni, na ole wako ukoroge. Baba alimwekea kipande cha sukari guru na mzungu akaridhika. Wa Milimani walitoka Bavaria, kusini kabisa. Walitaka madonge ya viazi ukubwa wa ngumi, na mmoja alikunywa bia saa tatu asubuhi na soseji nyeupe, akisema soseji hiyo haipaswi kusikia kengele ya saa sita. Wa Tambi walikuwa Waswabia. Hao kila kitu walikila na tambi fupi za mayai ambazo baba alizikamua kwa kopo la samli alilolitoboa kwa msumari, na saladi yao ya viazi ilikuwa ya uvuguvugu, yenye supu na siki, na ukiwatajia mayonezi wanakunja uso. Wa Mtoni walitoka kando ya Rhine. Alikuwa amewapata wawili tu katika maisha yake. Hao walikula nyama ya siki yenye zabibu kavu.

"Basi hakuna chakula cha Kijerumani," nilimwambia. "Kuna kugombana tu."

"Ndiyo hicho chakula chenyewe," alisema baba.

Mkubwa wa sasa alikuwa daktari, mwanamke mrefu, Mswabia, mtu wa Tambi. Tulimwita Mama Daktari. Kiswahili chake kilikuwa kizito lakini kilifika kilikokuwa kinakwenda. Siku kumi baada ya mazishi alikuja mpaka mlangoni kwetu, akakataa kiti, akasema na baba akiwa amesimama.

"Mzee, pole tena. Nasema kwa heshima. Supu ya juzi ilikuwa bahari. Supu ya jana ilikuwa maji."

Baba akatazama miguu yake.

"Jumapili nina wageni wawili kutoka kwetu. Wanataka nyama ya siki. Kama umechoka, pumzika, hakuna ubaya. Kuna mpishi Tabora anatafuta kazi. Lakini niambie kabla, si Jumapili."

"Nitapika," alisema baba.

Alipoondoka nilimuuliza baba kama ni uchovu. Nilitaka awe na sababu, yoyote, hata ya uongo. Alinichukua nyuma ya nyumba, penye ua wa minyaa, akaniambia jambo ambalo nilikuwa nimeliona kwa miaka kumi bila kuliona.

Hakuwa na ulimi. Yaani ulimi alikuwa nao, ila haukuonja. Nilipokuwa darasa la tano aliumwa homa akakaribia kufa, na alipopona kila kitu kikawa kama kutafuna gazeti. Chumvi, sukari, ndimu, vyote gazeti.

"Sasa umepikaje miaka yote hiyo?"

Akaonyesha ua kwa kidevu. "Kibakuli."

Kila siku saa nne asubuhi baba alipitisha kibakuli cha bati juu ya minyaa, kimefunikwa kisosi, na mama alikipokea. Mtoto yeyote wa nyumba ile angekuambia ndivyo ilivyokuwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani anamwibia Mzungu mchuzi. Nilipokua nikadhani ni mapenzi, nikaona haya kidogo. Kumbe mama alikuwa anaonja. Anaonja, anasema neno, baba anarudi jikoni. Mama hakuwahi kukanyaga jiko lile hata siku moja. Hakuwahi kufika hata Tabora. Lakini kila mkubwa mpya alipokuja, swali la kwanza la mama lilikuwa, "Huyu wa wapi?" Baba akimjibu, basi, mama alikwishajua sukari iende wapi na siki iende wapi. Alikuwa na ramani ya Ujerumani mdomoni.

"Mwambie Mama Daktari ukweli," nilisema. "Ni daktari. Ataelewa."

"Ataelewa nini? Kwamba mpishi wake hana ulimi?" Akanitazama. "Umebaki wewe."

"Mimi narudi chuo Jumanne."

"Jumapili ni kabla ya Jumanne."

Nyama ya siki hulala kwenye siki siku nne. Jumatano asubuhi baba aliloweka paja la ng'ombe kwenye chungu: siki, maji, vitunguu, karoti, karafuu, majani makavu aliyopewa na mkubwa mmoja ambayo yalikuwa yamebaki mawili. Saa nne kibakuli kikaja juu ya ua. Nilionja. Ilikuwa kali, ikanikwaruza koo.

"Asidi imezidi," nilisema.

"Asidi ndiyo nini?"

"Uchachu. Uuvunje."

"Kwa kitu gani?"

Hapo ndipo nilipomponza. Nilikuwa mwaka wa pili wa kemia na nilijua kinachovunja asidi. Nikamwambia aweke magadi kidogo. Baba alikuwa na magadi, kila jiko la Mpanda lina magadi ya kulainishia maharage. Akaweka. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikapita upande wa geti, nikaingia jikoni kwa Mzungu kwa mara ya kwanza maishani, nikakuta chungu kinatoa povu mpaka sakafuni. Povu lilipotulia, siki ilikuwa imekufa. Ilibaki maji yenye ladha ya sabuni, na nyama imeanza kuteleza kama imepakwa kamasi.

Tulimpa mbwa. Mbwa alikula, baada ya kufikiri.

Baba hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mama yako asingeniambia kitu cha kuweka. Alikuwa ananiambia inavyofanya. Cha kuweka najua mwenyewe."

Shangazi, aliyekuwa hajarudi ziwani bado, alisikia habari jioni. "Heee! Miaka yote ada inalipwa, kumbe tunamsomesha atupikie sabuni!" Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akalia, palepale, bila kupumzika katikati. Nilimtazama nikajiuliza anafanyaje.

Alhamisi alfajiri nilikwenda na baba sokoni. Wasukuma walikuwa wamechinja, na mwuza nyama alituuzia paja jingine, la fahali mzee. "Hili hata siki italiogopa," alisema. Zilikuwa zimebaki siku tatu badala ya nne. Tukaloweka upya.

Kabla ya saa nne baba alinikalisha akanifundisha maneno ya mama. Yalikuwa matatu tu. *Inakimbia*: umekimeza na mdomoni hakuna aliyebaki, hapo panataka chumvi, au mafuta, au moto zaidi, baba angejua. *Inagomba*: vitu viwili havijasalimiana, kila kimoja unakisikia peke yake. *Imekaa*.

"Imekaa ni nini?"

"Ni imekaa."

"Nitajuaje?"

"Utajua."

Sipendi jibu hilo. Nimelipata kanisani, nimelipata kwa wazee, nimelipata hata chuoni kwa watu wenye digrii tatu. Nikamwambia hiyo si njia ya kupima. Mama alipima nini? Kama siku moja alikosea, nani alijua? Labda Wajerumani walikula tu kwa sababu walikuwa na njaa.

"Labda," alisema baba. "Onja."

Nilionja Alhamisi, nikasema inagomba. Ijumaa inagomba. Jumamosi nikasema inakimbia, kwa kuwa nilikuwa nimesema inagomba mara mbili. Baba alipokea kila neno kama risiti, akarudi jikoni. Sikujua nilichokuwa nasema. Kila nilipoweka kijiko mdomoni nilijiangalia kwa ndani kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa: reli ipo, stesheni ipo.

Jumamosi mchana Mama Daktari alileta habari za wageni. Baba alimuuliza swali ambalo sasa nililijua chanzo chake.

"Wageni wa wapi?"

"Mmoja kijana, wa Bavaria. Mwingine ni mzee, mkubwa wangu wa zamani, amestaafu. Wa Rhine."

Mtu wa Milimani, mtu wa Mtoni, na mwenye nyumba wa Tambi. Mama alikuwa na kanuni ya meza iliyochanganyika: mpikie mkubwa wao kwa umri. Kwetu ndivyo inavyokuwa. Hata kama mtoto wako ndiye waziri, mzee aliyekaa naye hupewa paja. Kwa kanuni hiyo nyama ilitakiwa kuwa ya Mtoni, na zabibu, na mchuzi mtamu.

Nikamwambia baba hilo ni kosa. Anayeamua kazi yake si yule mzee. Mzee atapanda ndege. Anayeamua ni Mama Daktari, na watu wa Tambi hawataki zabibu kwenye nyama, baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Mpikie anayekulipa," nilisema. "Ni hesabu rahisi."

"Mama yako asingefanya hivyo."

"Mama hayupo."

Ilitoka kirahisi, kama kumwambia kwamba mkaa umeisha. Baba alifunika chungu. Baadaye akanituma kwa Mwarabu sokoni nikanunue zabibu kavu za Dodoma, na biskuti za tangawizi za kuponda na kuzitia kwenye mchuzi uwe mzito. Asali ya Ugalla alikuwa nayo. Nilikwenda. Sikuwa nimeshindwa hoja, nilikuwa sina nguvu ya kuirudia.

Jumapili saa nne kibakuli kilikuja. Mchuzi wa kahawia, mzito, zabibu mbili zimevimba juu. Baba hakuondoka uani kama siku zote. Alibaki upande wa pili wa minyaa. Niliona kofia yake.

Nilionja. "Inagomba."

Kofia ikaenda, ikarudi. Kibakuli cha pili kilikuwa na asali zaidi.

"Bado inagomba."

Cha tatu. Shangazi alikuwa nyuma yangu anapeta mchele, ameacha kupeta.

Kilikuwa na uchachu, na utamu, na tangawizi kwa mbali. Nilikuwa nimesimama muda mrefu. Miguu iliniuma. Ningeweza kusema neno lolote kati ya yale matatu.

"Imekaa," nikasema.

Sijui kama ilikuwa imekaa. Naandika haya baada ya miaka kadhaa na bado sijui. Nilisema kwa sababu nilichoka, na kwa sababu kofia ile ilikuwa imetulia mno.

Mchana nilikuwa jikoni nikimsaidia baba kupakua. Alikuwa ameweka madonge ya kijana wa Milimani, tambi za Mama Daktari, na kabichi lililochachushwa kwa chumvi kwenye mtungi, ambalo juu yake alilaza jiwe la mto Ugalla. Mlango wa chumba cha kulia ulikuwa wazi kidogo. Kwanza walizungumza wote watatu, kwa kelele, na baba akaninong'oneza, "Wanagombania viazi." Kisha sauti moja ikanyamaza. Nilichungulia. Yule mzee alikuwa ameinamia sahani yake, anakula polepole, hasemi. Alimaliza, akasogeza sahani mbele, akaomba tena. Mama Daktari alikuwa anachagua zabibu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani yake.

Baba aliziona zile zabibu. Alikaa kwenye ndoo.

Walipokwisha kunywa kahawa, Mama Daktari aliingia jikoni, akafunga mlango. Alimtazama baba, kisha mimi.

"Mzee wangu anasema hajala hii tangu mama yake afe," alisema. "Mimi sipendi zabibu. Unajua sipendi."

"Najua," alisema baba.

"Sawa." Akaegemea mlango. "Kibakuli kimerudi."

Baba akaanza kufuta sahani.

"Dirisha la ofisi yangu linaangalia ua. Miaka miwili nakiona kila siku saa nne, kinakwenda, kinarudi. Sikuuliza. Nilifikiri ni mila. Mama alipofariki hakikwenda, na chakula kikaharibika. Wiki hii kimekwenda tena." Akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Naondoka keshokutwa."

Nilitaka baba amwambie ukweli, kisha nikaona hakuna kilichobaki cha kuambiwa. Mama Daktari alichukua kijiko ukutani, akachota mchuzi uliobaki kwenye sufuria, akaulamba, akakunja uso kwa sababu ya utamu.

"Basi kuanzia kesho saa nne nakuja mimi," alisema. "Nikuambie nini?"

Baba akamfundisha maneno matatu. Nilisimama pale nikimsikia mzungu akirudia maneno ya mama yangu, akiyakosea, akirekebishwa. *Inakimbia. Inagomba. Imekaa.* Nilitazama kama naangalia kitu kwenye dirisha la duka lililofungwa.

Jumanne nilipanda treni. Baba alinifungia nyama iliyobaki kwenye jani la mgomba, nikaila baridi kabla hatujafika Kaliua, na ilikuwa na chumvi, na sikumbuki zaidi ya hapo.

Nilirudi baada ya miaka miwili, nimemaliza chuo. Mama Daktari alikuwa ameongezewa muda na baba alikuwa na kazi yake. Alinenepa kidogo. Kwenye rafu ya jiko palikuwa na kopo la zabibu, lilelile nililolinunua kwa Mwarabu. Nililitikisa na zikalia kama kokoto.

"Huziweki tena?"

"Mama Daktari hapendi."

"Na mgeni akiwa wa Mtoni?"

"Anakula tambi."

Sukari guru haikuwepo. Mayonezi haikuwepo. Madonge alikuwa hajayapika mwaka mzima. Kila kitu jikoni kilikuwa kimehamia Swabia taratibu, kijiko kwa kijiko, bila mtu kuamua. Mama asiyefika hata Tabora aliwapikia wote. Huyu aliyezaliwa hukohuko alimpikia mmoja. Nililifikiri hilo kama ninavyofikiri mambo mengi, nikataka kumuuliza baba analionaje, nikakumbuka kwamba yeye kwake vyote ni gazeti.

Saa nne Mama Daktari aliingia, akanisalimia kwa furaha, akachukua kijiko. Ilikuwa nyama ya siki. Aliilamba haraka, simu ya redio ilikuwa inamwita ofisini.

"Imekaa," alisema, na kwa utani akanipa kijiko. "Au vipi, binti?"

Nilionja. Niliimeza, nikasubiri, na mdomoni hapakuwa na mtu. Ilikuwa imekimbia, yote, mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu mama azikwe nilikuwa na uhakika wa kitu. Nilijua. Sikuhitaji kuuliza nilijuaje. Niligeuka kutazama upande wa ua wa minyaa, pale mama alipokuwa akisimama.

Baba alikuwa ameshika mfuniko, ananitazama.

"Imekaa," nikasema.

Akafunika sufuria.